Mayai ya Chuma

Kama wiki iliyopita hukununua gazeti, hukukosa lolote la kunipatia sifa. Mimi ni mtengenezaji wa michezo ya simu, na juu ya hilo nimepewa kazi ya kuwajibu wachezaji mtandaoni, kwa sababu wenzangu wote ofisini wana akili timamu na waliikataa.

Mchezo wetu ni wa mtu anayebeba trei ya mayai kichwani kutoka shambani hadi sokoni. Hatua thelathini, na yai lisivunjike. Toleo jipya lilipotoka, wachezaji wakaanza kulalamika kwamba daraja la hatua ya kumi na nne halivukiki hata ufanyeje. Mtu mwenye busara angenyamaza siku mbili, akaenda kuliangalia daraja. Mimi nikawajibu papo hapo, kwa jina la kampuni, mbele ya wafuasi elfu arobaini.

Niliandika hivi: "Daraja linavukika. Mimi nalivuka kila asubuhi kabla ya chai. Tatizo si daraja, ni vidole."

Kufikia mchana ukurasa wetu ulikuwa umejaa picha za vidole gumba. Vidole vya maseremala, vya wauguzi, vya kinyozi mmoja akiwa bado ameshika mashine, na chini ya kila kidole swali lilikuwa lile lile: "Hiki nacho kina kosa gani?" Mimi nikabatizwa Bwana Vidole. Aliyeongoza ubatizo huo ni mchezaji anayejiita Nyundo, ambaye alikuwa amevunja trei mia tatu na kumi pale darajani na alikuwa na picha za zote.

Nikaona nimalize ubishi. Nikapiga picha ile karatasi yetu ya majaribio iliyobandikwa kwenye friji ya ofisi, yenye tiki za kila mfanyakazi kwa kila hatua, nikaiweka hadharani na maneno, "Wote tumevuka." Ikumbukeni picha hiyo. Mimi naikumbuka kila siku.

Wiki iliyopita niliwaacha wasomaji pale mama mkwe wangu alipoifuta miwani yake mpya, akanikabidhi simu yake na kusema, "Basi mwanangu, nivukishie."

Mama mkwe tunaishi naye. Ni fundi cherehani, na alikuwa amekwama pale darajani siku ya kumi na moja. Siku zote hizo nilikuwa nikimweleza, kwa adabu zote ambazo mkwe anapaswa kuwa nazo, kwamba umri nao una mambo yake. Yeye alinijibu mara moja tu, kwamba ametunga uzi kwenye sindano miaka thelathini na vidole vyake anavijua.

Basi nikajiweka sawa kwenye kochi. Nikaishika simu kwa mkono mmoja, na mkono wa pili nikashika kikombe cha chai, ili somo limwingie vizuri. Mke wangu akaacha kukunja nguo, akaja kusimama nyuma yangu.

Ubao wa kwanza, sawa. Wa pili hadi wa sita, sawa. Nilipokanyaga wa saba, trei ikaruka juu, ikapinduka, na mayai yote yakaenda mtoni.

Nikacheka. Nikasema kiganja kina jasho. Nikaweka kikombe chini, nikarudia, na mayai yakaenda mtoni.

Kwenye trei ya tisa nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, simu iko juu ya meza, mikono yote miwili kazini, ulimi nje. Mke wangu akauliza kama ofisini nako huwa navuka kwa magoti. Mama mkwe alikisogeza tu kikombe changu mbali na kiwiko.

Kwenye trei ya kumi na mbili nikamkumbuka kuku.

Hapa niwafafanulie. Kwenye simu zetu za ofisini, pembeni ya skrini yuko kuku. Ukimgusa mara tatu, mayai yanageuka ya chuma: hata ukianguka, hata ukirukaruka, hayavunjiki. Ukimgusa tena mara tatu, yanarudi kuwa mayai. Tuliweka ujanja huo ili mtu anayekagua rangi au sauti asipoteze siku nzima akianza upya. Wachezaji kwenye simu zao kuku huyo hawana.

Kwenye simu yangu ya kazi nilimgusa kuku mwaka jana. Mwezi gani, sikumbuki. Sijamgusa tena tangu hapo. Nilikuwa nimewatukana watu elfu arobaini kwa vidole vyao, na mimi mwenyewe mwaka mzima nilikuwa nabeba vyuma.

"Mama," nikamwambia, "daraja lina kasoro."

"Hilo mimi najua tangu wiki iliyopita," akasema. "Nilikuwa nakungoja wewe."

Jumanne asubuhi nikatoka nimeazimia kusema kweli. Ofisi yetu iko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vioo, na kwenye ngazi pana kibao kinachotuomba tutembee polepole. Siku hiyo nilitembea polepole kuliko kibao kilivyoomba. Kichwani nilikuwa na hotuba nzuri sana, fupi, ya kiume, inayoanza na "Mwalimu, nimekosa."

Mwalimu ndiye bosi wetu. Alifundisha hesabu sekondari miaka kumi na miwili kabla ya kuanzisha kampuni, na ualimu haujamtoka. Barua pepe zetu huzichapa kwenye karatasi ili apate mahali pa kuzisahihisha kwa kalamu nyekundu, kisha huturudishia. Mimi sijawahi kupata zaidi ya sita kwa kumi.

Nilipoingia nikawakuta wote wameizunguka meza kubwa, na katikati ya meza ipo ile karatasi ya friji. Nyundo alikuwa amenitangulia. Alikuwa ametoa video akipima mbao za daraja moja moja, kwa rula, akionyesha kwamba ubao wa saba ni mfupi kuliko wenzake. Mwalimu alikuwa ameitazama, akamgusa kuku mara tatu, akajaribu kwa mayai ya kweli, na akaanguka. Akasema wachezaji wamesema kweli na sisi tumewatukana. Aliposema "sisi" aliniangalia mimi.

Hotuba yangu ikapungua urefu.

Kisha akatukumbusha sheria ya ofisi. Mayai ya chuma ni ruhusa kwa kila mtu, isipokuwa mmoja: aliyejenga hatua lazima aivuke kwa mayai ya kweli, kwa mkono wake, ndipo aweke tiki. Tiki ya mjenzi ndiyo inayofungua mlango. Sisi wengine tukiweka zetu tunamwamini yeye.

"Daraja amelijenga nani?" Mwalimu akauliza, ingawa alijua.

Amelijenga shemeji yangu. Ni mdogo wa kike wa mke wangu, na mimi ndiye niliyemleta kazini miezi tisa iliyopita. Ofisini tunamwita Kimya, kwa sababu anaweza kumaliza wiki nzima na maneno yasizidi kumi, na saba kati ya hayo ni salamu. Kila mmoja wetu ana rangi yake ya kalamu kwenye karatasi ile. Mwalimu nyekundu, mimi bluu, yeye kijani. Na mbele ya hatua ya kumi na nne, palikuwa na tiki ya kijani.

Sasa, wasomaji wangu, kuna jambo sikuwaambia wiki zote hizi. Nimewaeleza nilivyotukana, nilivyojisifu, nilivyowafungia watu maoni yao nikiwa bafuni. Hili nililipita kimya kimya, kwa sababu yale mengine ni ya ujinga, na ujinga watu huucheka. Hili si la kucheka.

Siku ya kutoa toleo, Kimya hakuwepo. Alikuwa amempeleka mama yao kupimwa macho, ndiyo siku ilipopatikana ile miwani mpya. Asubuhi hiyo akanitumia ujumbe: "Shemeji, hatua ya 14 usiipitishe. Ubao wa saba unarusha trei. Nikirudi kesho naurekebisha."

Nikamjibu, "Nitashughulikia."

Mwalimu alitaka karatasi ijae kabla ya saa sita. Nikalivuka daraja kwa mkono mmoja, vyuma vyangu vikatulia kichwani. Nikasema moyoni, huyu binti bado mgeni wa kazi, ana woga wa mwanafunzi. Nikaingiza mkono kwenye kikombe chake cha kalamu, nikachukua ya kijani, nikaweka tiki. Aliporudi kesho yake toleo lilikuwa limeshatoka, na yeye si mtu wa kuuliza.

Ilinichukua muda mfupi kuliko kukoroga chai.

Basi sasa karatasi iko mezani na Mwalimu anamuuliza Kimya kama ile kalamu ya kijani ni yake. Kimya akainama kuitazama ile tiki. Halafu akainua macho, akanitazama mimi, na hapo nikajua amejua.

"Kalamu ni yangu, Mwalimu," akasema.

Hakudanganya. Kalamu ni yake.

Mwalimu akauliza mara mbili kama kuna mwenye la kusema. Nikanyoosha mkono. Wote wakanigeukia, na Kimya naye, na nadhani kwa sekunde moja alikuwa na matumaini na mimi. Nikauliza kama dirisha linaweza kufunguliwa, maana palikuwa na joto.

Dirisha likafunguliwa.

Uamuzi ukatoka. Kimya angeacha kazi mwisho wa wiki. Ijumaa saa nne asubuhi tungetoka mubashara kwenye ukurasa wetu tuwaombe radhi wachezaji, na msomaji wa tamko angekuwa mimi, kwa kuwa mdomo uliowatukana ndio unaopaswa kuwaomba radhi. Kulirekebisha daraja kwenyewe kungefanyika Ijumaa mchana. Lilikuwa jambo la dakika kumi.

Tamko niliambiwa niliandike mwenyewe. La kwanza lilikuwa na "samahani" kumi na moja na halikuwa na mtu hata mmoja aliyefanya kitu: daraja lilijikuta lina kasoro, toleo likajikuta limetoka, jibu likajikuta limeandikwa. Mwalimu akanirudishia, tatu kwa kumi. La pili akanipa nne. La tano akalikubali, ila akaongeza sentensi yake chini kwa kalamu nyekundu: "Mfanyakazi aliyeipitisha hatua hii hatakuwa nasi tena."

Nikamfuata Kimya kwenye ngazi. Alikuwa anashuka kununua maji. Nikamwambia najua, na yeye anajua, na kesho asubuhi na mapema nitaenda kwa Mwalimu.

"Kesho," akasema. "Na siku ile ulisema utashughulikia."

Nikaanza kukisoma kibao cha ngazini.

Akasema kwa sauti ya chini, bila hasira, na ingekuwa heri angekuwa na hasira: "Shemeji, dada ana mimba ya miezi saba. Mimi simlishi mtu. Nitapata pengine. Wewe nenda kasome karatasi yako." Akashuka ngazi polepole, kama kibao kilivyoomba.

Ningependa kuwaandikia kwamba nilimkatalia pale pale. Nilisimama nikahesabu ngazi. Ziko kumi na saba. Halafu nikapanda juu, nikaingia chooni, nikaufungua ule ujumbe wake kwenye simu yangu, nikaufuta.

Mnaweza kuacha kusoma hapa. Mke wangu alipoisoma rasimu hii aliacha hapa.

Jioni nyumbani habari ilikuwa imefika kabla yangu. Mke wangu alikuwa amelia mpaka macho yamevimba. Akauliza ofisi gani hiyo inamfukuza mtu kwa ubao mmoja, na mimi niliyekuwepo nimemtetea vipi mdogo wake. Nikamjibu kwamba nilinyoosha mkono mbele ya watu wote, jambo ambalo ni kweli. Akanishika bega, akasema angalau ulijaribu.

Sijawahi kuona bega langu likiwa zito vile.

Mama mkwe alikuwa kwenye cherehani yake, anashona ukosi. Akaniuliza ile karatasi ya tiki msimamizi wake ni nani. Nikasema ni ya ofisi nzima. Akauliza tena, polepole, nani anaishika kalamu ya mwisho kabla ya toleo kutoka. Chai ikanipalia. Mke wangu akanipiga mgongoni, na swali likapita.

Au mimi nilidhani limepita. Baadaye nilimwona amekaa karibu na taa, ile picha niliyoiweka hadharani iko kwenye simu yake, anaikuza kwa vidole viwili. Anasogea pembeni, anarudi, anakuza tena. Ndivyo anavyokagua mshono aliorudishiwa na mteja. Nikamuuliza kama anahitaji msaada.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Siku hizi naona vizuri."

Ijumaa ikafika. Jumatano na Alhamisi nilikuwa na nafasi kumi za kusema, nikazihesabu zikipita.

Tulipanga meza mbele ya ukuta mweupe. Kamera niliiweka mimi, kwa kuwa mambo ya kurusha mubashara ofisi nzima nayajua mimi peke yangu. Mwalimu akasimama nyuma ya kamera na kalamu yake nyekundu. Kimya alikuwa kwenye meza yake ya pembeni, anapanga vitu vyake kwenye boksi: kikombe cha kalamu, sweta, picha ya mama yake.

Saa nne kamili taa nyekundu ya kamera ikawaka. Maoni yakaanza kumiminika kwenye skrini iliyokuwa mbele yangu, na kwa mara ya kwanza wafuasi wetu wote elfu arobaini walikuwa wamekuja siku moja. Vidole gumba vikapita kama maandamano. Nikafungua mdomo kusoma, na hapo hapo likaingia la Nyundo: "Kabla hujasoma, vuka."

Wengine wakadaka. Vuka. Vuka. Vuka. Mwalimu akatikisa kichwa kunikataza. Lakini simu yangu ya kazi ilikuwa pale mezani na kuku wangu yuko pembeni, na mayai ndani yake yalikuwa bado ya chuma. Ningeweza kuvuka kwa kidole kimoja mbele ya dunia, nikawanyamazisha wote.

Nadhani hapo ndipo nilipofanya jambo la kwanza la maana mwezi ule. Nikaigeuzia kamera skrini, nikawaonyesha kuku. Nikawaeleza anafanya kazi gani. Nikawaambia mwaka mzima nimevuka kwa mayai ya chuma na sikujua, na wao walikuwa na mayai ya kweli, na vidole vyao havina kosa. Nikamgusa kuku mara tatu, nikaenda darajani.

Nikavunja trei tano mfululizo. Ya tatu ilinirukia kwa nguvu mpaka nikainama kuikwepa, ingawa ilikuwa ndani ya simu.

Maoni yakabadilika. Watu wakacheka, lakini kicheko cha kukaribisha. Mmoja akaandika kwamba Bwana Vidole ni mwenzetu. Kinyozi akaniambia nipitie, atanikata bure. Hata Nyundo akaandika, "Angalau wewe ni mkweli."

Mkweli. Nikaanza kujipenda. Nikakaa vizuri kwenye kiti, nikatabasamu kidogo. Mwalimu akagonga karatasi kwa kalamu, kuashiria sasa nisome.

Nikasoma. Nikasoma samahani zote zilizobaki, na sauti yangu ilikuwa nzuri, wengi waliisifia. Nikafika kwenye sentensi nyekundu. Nilijua ni ya uongo, nilijua mwenye makosa ni nani, na mwenye haki alikuwa hatua sita kutoka kwangu anakunja sweta.

Nikaisoma. Neno kwa neno, mpaka nukta.

Halafu likaingia oni moja, refu, kutoka kwa mtu anayejiita Fundi Cherehani.

"Nimeikuza ile picha ya karatasi. Binti yangu anatumia mkono wa kushoto tangu akiwa mtoto. Tiki zake za kijani zote mikia inaelekea kushoto. Ya daraja peke yake inaelekea kulia. Hii kaiweka nani?"

Kisha Nyundo, mtu wa rula, akaandika: "Nimehesabu. Ishirini na tisa kushoto, moja kulia. Wewe uliyesema ukweli juu ya kuku, jibu."

Jibu. Jibu. Jibu. Ikashuka skrini nzima.

Nikatazama pembeni. Kimya alikuwa amesimama, mkono juu ya boksi, ananitikisia kichwa taratibu. Ananiambia nisijibu.

"Niliiweka mimi," nikasema.

Maneno mawili, na yalikuwa yamekaa kooni siku tatu. Nikaendelea, maana yakishafunguka hayafungiki. Nikasema alinionya kwa ujumbe, akaniomba nisiipitishe hatua ile, nikachukua kalamu yake nikaweka tiki. Nikasema nilikaa kimya alipofukuzwa. Nikasema hata lile dirisha.

Mwalimu akapita mbele ya kamera, akasimama mbele yangu. Akaniomba nimwonyeshe huo ujumbe. Nikamwambia nimeufuta. Akamgeukia Kimya, akamwomba na yeye aonyeshe wa kwake.

"Mimi sikumbuki ujumbe wowote," Kimya akasema.

Nikamwita kwa kuomba, shemeji, tafadhali. Hakunitazama.

Mwalimu akafungua faili lake, akatoa barua moja ya mkono. Akasema iliwekwa mezani kwake jana asubuhi, na akaisoma kwa sauti, sentensi moja: "Tiki ya hatua ya kumi na nne niliiweka mwenyewe nikiwa na haraka, na hakuna mwingine aliyehusika." Chini yake pana sahihi ya Kimya.

Jana asubuhi. Mimi nikiwa bado nahesabu nafasi zangu kumi, yeye alikuwa ameshanifungia zote.

"Mmoja wenu ananidanganya mbele ya macho yangu," Mwalimu akasema, bila kupandisha sauti. "Nimesimamia mitihani miaka kumi na miwili. Njooni hapa, wote wawili."

Akaweka karatasi nyeupe mbili mezani, na juu yake ile kalamu ya kijani aliyoitoa kwenye boksi. Akaniamuru nizime kamera kwanza, mambo haya ni ya ndani. Nimeshawaambia anayejua kuizima ni mimi peke yangu. Sikuizima. Mmoja kati ya wale waliokuwa wakitazama alikuwa na miwani mpya, na nilitaka aone haki ya binti yake kwa macho yake.

Mwalimu akasema kila mmoja aweke tiki moja tu, kama anavyoweka siku zote. Nikatangulia mimi. Mkia ukaelekea kulia, pacha wa ile ya kwenye friji, na nikashusha pumzi niliyokuwa nayo tangu Jumanne. Nikaona yamekwisha. Nikamsogezea shemeji kalamu upande wake wa kushoto.

Akanitazama. Akaitazama kamera, na taa yake nyekundu. Kisha akanyoosha mkono wa kulia, akaichukua kalamu.